Machozi ya Mtu wa Viti

"Papa ya viti, huku jua itatupika," alisema mwanamke mmoja wa kwaya, kiganja juu ya macho. "Ni saa tatu tu, shingo yangu imeanza kuiva. Saa nane itakuwa ginsi gani?"

Médard aliitazama safu aliyokuwa ameipanga. Viti ishirini vya plastiki, vyeupe, vimenyooka vizuri, na vyote vimekaa juani. Turubai alikuwa amelifunga sawasawa, pembe moja kwenye mparachichi na nyingine kwenye nguzo ya baraza, lakini kivuli chake kilikuwa kinakimbilia upande wa pili wa ua. Kwa miaka kumi na moja ya kukodisha viti vya matanga katika jiji la Kisangani, hakuwahi kukosea safu ya kwanza.

"Pardon, maman. Minageuza sasa hivi."

Akainua viti vitatu kwa mpigo, akageuka kutafuta mahali alipolala Sombe ili ajue aviweke wapi. Hakukuwa na Sombe. Yeye alijua vizuri kwamba hayupo, lakini shingo ilikuwa bado haijaambiwa, ikageuka kwa mazoea yake. Basi Médard akabaki amesimama katikati ya ua wa watu, viti vitatu mkononi, na machozi yakaanza kumtoka.

Sombe alikuwa mbwa wake, jike la manjano lenye sikio moja lililochanika. Fortunée, mke wa Médard, alimwokota sokoni miaka kumi na mitatu iliyopita, chini ya meza ya muuza sombe, akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kiatu, anatafuna majani ya muhogo yaliyoanguka. Jina likajichagua lenyewe. Médard alipoanza kazi ya viti, Sombe akaanza naye. Wakifika kwenye matanga, mbwa alizunguka ua mara moja, akanusa, kisha akajilaza mahali fulani na kufumba macho. Ilimchukua Médard siku chache tu kugundua kwamba pale anapolala mbwa asubuhi ndipo kivuli kitakapodumu mpaka alasiri. Jinsi mbwa alivyojua, hakujua. Yeye alipanga viti tu, na mji ukamsifu kwamba watu wanaokalia viti vya Médard hawahamihami, na sifa akazipokea bila kumtaja mwenye kazi.

Asubuhi hiyo alimkuta chini ya mkokoteni, amejikunja, wa baridi. Hakuwa ameugua. Alikuwa amezeeka, basi. Binti yao Lucie, wa miaka tisa, aliweka mkono juu ya tumbo la mbwa akangoja muda mrefu lipande. Fortunée akamwondoa mkono taratibu, akamfunika mbwa kwa kipande cha turubai kuukuu. Lakini viti vilikuwa vimeahidiwa mapema huko Tshopo, nyumbani kwa marehemu Papa Théodore, na matanga ya mtu hayangoji kwa sababu ya mbwa.

"Enda," Fortunée alimwambia. "Tutakungojea, tutaizika pamoja."

Médard alienda na macho makavu. Alisukuma mkokoteni kutoka kwao Kabondo mpaka Tshopo, akashusha, akarudi kuchukua vilivyobaki, akafunga turubai, akapanga safu, yote kwa macho makavu, hadi yule mwanamke wa kwaya alipolalamikia jua.

Sasa, kulia kwenye matanga kuna utaratibu wake. Wanaume hawaanzi ovyo. Wanapeana mikono, wanaulizana habari za mkoa, wanacheza dama kwa vifuniko vya chupa, wanangoja. Siku jeneza likitoka mochari, hapo mwanamume ana ruhusa, tena alie kwa sauti, wenzake wamshike mikono. Lakini mwanamume anayelia asubuhi mapema, mwili ukiwa bado mochari, peke yake, uso ameuelekeza ukutani, mabega yanatikisika na mdomo ameuma, huyo halii kwa adabu. Huyo analia cha kwake. Wanawake waliokuwa mkekani pamoja na mjane walimwona wote kwa mara moja.

"Ule ni nani?"

"Papa ya viti."

"Papa ya viti analia?"

"Analia ginsi mutu analia papa yake."

Aliyesema hivyo hakuwa na nia mbaya. Lakini neno likishashuka mkekani halikai pale lilipoangukia. Papa Théodore alikuwa amefanya kazi ya treni miaka thelathini. Kila wiki alivuka mto kwenda upande wa kushoto, akapanda treni mpaka Ubundu, na huko kazi ilimweka siku nne, mara nyingine wiki nzima. Katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia mkewe, Maman Ursule, kwamba mumewe ana nyumba nyingine Ubundu. Hakuna aliyewahi kumwambia pia kwamba hana. Na kila mtu anajua kwamba mtoto wa nje, kama yupo, ana siku moja tu ya kujitokeza, nayo ni ya matanga.

Mama mmoja akajifanya anapita kutafuta maji, akamuuliza Médard kwa upole kwao ni wapi. Médard, akijipangusa uso kwa tisheti, akajibu bila kufikiri kwamba baba yake ni mtu wa hapahapa mjini, ila mama yake alitoka Ubundu. Ilipofika saa tano, hata wale waliokuwa nyuma ya nyumba wakimenya ndizi walikuwa na habari kamili.

Saa sita Liévin, mtoto wa kwanza wa marehemu, akaja kumgusa bega.

"Papa ya viti, famille inakuita."

Médard alidhani ni habari ya viti. Alimfuata ndani huku akihesabu kichwani kama anaweza kuongeza kumi vingine kabla ya jioni.

Chumbani walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Françoise, dada wa marehemu, shangazi yake Liévin, mwanamke mrefu mwenye mkoba mweusi, ambaye tangu msiba uanze ndiye aliyeamua nani apike, nani alale wapi na nani aende mochari na nguo. Hakuna aliyekuwa amemwona akilia. Hakuwa na nafasi. Wa pili alikuwa mjane, Maman Ursule, ameketi juu ya godoro lililolazwa sakafuni, kitambaa cheusi kichwani, macho chini.

"Kaa," alisema Françoise.

Hapakuwa na pa kukaa. Viti vyake vilikuwa nje, vimekaliwa. Médard akabaki amesimama.

"Bon. Unalia nini?"

Angesema nini? Watu hawa walikuwa wamefiwa na baba, mume na kaka, na yeye machozi yake yalikuwa ya mnyama mwenye kupe. Kuleta msiba wa mbwa nyumbani kwa maiti ya mtu ni kumtukana maiti na waliomzaa. Habari kama hiyo ikitoka nje ya chumba hiki, nani tena Kisangani nzima angemwita na viti vyake? Na zaidi ya viti hakuwa na kazi.

"Ni moshi, tantine. Iliniingia kwa macho."

"Jiko iko nyuma ya nyumba."

Akatafuta jibu jingine, akashika lile ambalo ulimi ulikuwa umelizoea. Mtu wa viti ana sentensi moja anayoisema kila anapoingia kwenye matanga, awe amekufa mchungaji au mwizi wa kuku. Ni adabu ya kazi. Akaisema.

"Tantine, papa alikuwa mutu muzuri."

Liévin akaenda kufunga mlango.

"Ulimujulia wapi?" Françoise akauliza.

"Mi? Hapana, mi sikumujua. Nasema tu."

"Humujue, lakini unajua alikuwa mutu muzuri."

"Njo vile tunasemaka, tantine."

"Mama yako ni nani?"

"Maman Adeline. Alishakufa."

"Wa Ubundu."

"Alizaliwa Ubundu, ndiyo, lakini..."

"Na wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Quatre-vingt-six."

Françoise akahesabu kwa vidole kuanzia themanini na sita, akarudia kuhesabu, kisha akamtazama Liévin. "Quatre-vingt-six Théo alikuwa kwa treni." Akanyoosha mkono, akamshika Médard kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha. "Angalia hii pua."

Liévin akaangalia. Pua ya Médard ilikuwa pua ya kawaida, ya aina ambayo ukitembea barabara moja tu utakutana nayo mara arobaini, lakini ikitazamwa na watu wawili kwa makini namna ile, pua yoyote inaanza kufanana na kitu. Médard mwenyewe alianza kuitilia shaka.

"Papa yangu alikuwa anashona viatu kule Kabondo," alisema. "Batu yote banamujua. Mi mwenyewe nilimuzika."

"Kila mutu iko na papa ya karatasi," Françoise akajibu.

Hapo Maman Ursule akainua uso. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala siku tatu.

"Françoise, muache." Akapigapiga ukingo wa godoro. "Mutoto yangu, karibia hapa."

Médard akachuchumaa mbele yake, kwa sababu mjane hasimamiwi.

"Miaka makumi tatu," alisema Maman Ursule, "kila mutu akipiga hodi kwa ile mulango, mi nasema, ni yeye sasa. Ule wa Ubundu amefika. Ikikuya muuza makala ya kupikia, namuangalia masikio. Ikikuya mwalimu ya batoto, namuangalia mikono. Théo, sikumuulizaka hata siku moja. Niliogopa atajibu. Sasa hawezi kujibu tena, na wewe unakuya kulia kwa ua yangu." Akavuta pumzi. "Kama ni wewe, sema. Sitakufukuza. Utakaa pamoja na batoto, utavaa nguo ya matanga ginsi bao banavaa. Lakini usiniache na hii kitu kwa roho. Hata bwana yangu sijamulia muzuri. Namulia nusu."

Médard alimtazama, akaona kwamba anasema kweli, kwamba angemkalisha na watoto wake siku hiyohiyo. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hakuwa amejiandaa kwa hili. Kuendelea kumdanganya mama huyu kwa sababu ya aibu yake kungekuwa kumwibia. Kwa hiyo akasema, akitazama sakafu ya saruji:

"Maman, minalia mbwa yangu."

"Unalia nani?"

"Mbwa yangu. Ilikufa leo asubuhi. Hatujaizika bado. Minaomba pardon, maman. Najua hapa ni matanga ya mutu. Haikuwa kusudi."

Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, akasema yote. Akasimulia juu ya kivuli, na safu ya kwanza, na jinsi alivyosifiwa kwa kazi ya mwingine miaka kumi na moja. Akasimulia juu ya mwanamke wa kwaya na shingo yake. Akasema kwamba alipogeuka na kukuta ardhi tupu, ndipo alipoelewa kwamba mbwa amekufa, ingawa asubuhi alimwona akifunikwa. Alisema kwa sauti ndogo na hakuinua kichwa hata mara moja.

"Mbwa ilikuwa inaitwa nani?" akauliza Maman Ursule.

"Sombe."

"Sombe? Sombe ya kula?"

"Ndiyo, maman. Fortunée aliikuta inaikula."

Kitu kikaanza kutikisika chini ya kitambaa cheusi. Liévin alidhani mama yake anazimia, akaruka kumshika. Alikuwa anacheka. Kwanza alicheka bila sauti, halafu sauti ikatoka, akaziba mdomo kwa kitenge, ikashindikana, akamshika Médard bega ili asianguke. Nje, wanawake wa mkekani walisikia sauti hiyo ikipita mlangoni, wakaitambua vibaya, nao wakapaza kilio cha kumsaidia. Jambo hilo likamzidishia Maman Ursule kicheko.

"Mbwa," alikuwa anasema. "Françoise, ni mbwa. Makumi tatu ya miaka, na ni mbwa."

Kisha, bila kupumzika katikati, kicheko kikageuka. Alimlia mumewe kwa jina, Théo, Théo, Théo, kwa sauti ambayo wanawe hawakuwa wameisikia tangu siku ya kwanza ya msiba, nzima, haikubaki nyuma hata kidogo. Médard naye akalia palepale, mkono wa mjane ukiwa bado begani mwake. Hakujificha. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameusahau kichwani, na hakuona haya kwamba katika chumba kimoja watu wawili wanalia, mmoja mume na mwingine mbwa.

Françoise peke yake hakuwa amesogea.

"Mi siamini," akasema kilio kilipopungua. "Mutu anaweza kupanga uongo kama hii. Iko wapi, hiyo mbwa?"

"Kwetu, Kabondo."

"Alors, twende. Nataka kuiona na macho yangu."

"Tantine," Liévin akaingilia, "huku batu banakuya, nani atabapokea?"

"Utabapokea wewe. Ni papa yako." Akachukua mkoba. "Na kama mbwa haiko, huyu atarudi hapa na mi, na tutaongea lugha ingine."

Françoise hakupanda pikipiki, tangu alipomwona mtu mmoja akianguka nayo, na baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, alizihesabu kuwa za wasichana. Alitoka getini mbele ya mkokoteni, akatembea katikati ya barabara na Médard nyuma yake, kama anampeleka polisi. Wakaenda hivyo kwa muda. Lakini mvua ya jana ilikuwa imeacha dimbwi refu kabla ya kufika barabara kubwa, na viatu vya Françoise vilikuwa vya matanga. Akasimama. Médard naye akasimama.

"Tantine, panda tu."

"Kwa pousse-pousse? Mi?"

Kwenye mkokoteni kulikuwa na kiti kimoja kilichovunjika mkono, ambacho Médard hakuthubutu kumpa mteja. Alikisimamisha, akakifunga kwa kamba. Françoise akatazama dimbwi, akatazama kiti, akatazama kushoto na kulia, akapanda. Hivyo ndivyo mtaa ulivyomwona akipita: mgongo wima, nguo nyeusi, mkoba magotini, anasukumwa juu ya kiti cheupe. Wauza maembe walinyamaza. Mmoja akasema, "Pole, maman," na Françoise akamwitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Baada ya hapo kila mtu alitoa pole. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka amepita.

Walipokuwa wameuacha mtaa wa Tshopo nyuma, akauliza bila kugeuka:

"Ilikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na tatu, tantine."

"Kwa mbwa ni mingi."

"Ni mingi."

"Théo alikuwa na sabini na ine." Alilisema hilo kwa ukali, kana kwamba Médard amebisha. Kisha akanyoosha mgongo tena, na hivyo wakafika Kabondo.

Fortunée alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba, jembe mkononi. Shimo lilikuwa tayari, kwa maana udongo wa pale ni laini na yeye si mtu wa kungoja kwa mikono mitupu. Aliposikia magurudumu aliinuka, akamwona mumewe anaingia uani akisukuma mwanamke mtu mzima aliyevaa nguo za msiba, ameketi juu ya kiti.

"Médard," akasema polepole. "Nani tena amekufa?"

"Bonjour, maman," Françoise akajibu kwa niaba yake, huku anashuka. "Iko wapi mbwa?"

Fortunée akamtazama mumewe. Médard akatikisa kichwa, maana yake ni kwamba atamweleza baadaye na kwamba ni habari ndefu. Lucie ndiye aliyemwongoza mgeni mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akachuchumaa, akafunua kipande cha turubai.

Françoise aliinama. Alitazama sikio lililochanika, na manyoya meupe ya kuzunguka mdomo, na miguu iliyokunjwa vizuri. Alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika ili kujua kwamba mbwa ni mbwa. Médard alisimama nyuma yake ameshika mpini wa mkokoteni, na ingawa alijua alichosema ni kweli tupu, alingoja kama mshtakiwa anavyongoja hukumu.

"Ni mbwa," Françoise akasema.

Simu ikalia ndani ya mkoba wake. Aliitoa, na hata kabla haijafika sikioni sauti ya Maman Ursule ilisikika ua mzima.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Ya manjano. Imezeeka sana."

Pumzi ikatoka kwenye simu ile, ndefu, ya mtu aliyekuwa ameizuia tangu ujana wake. "Merci, Mungu," alisema Maman Ursule. "Merci. Ambia ule papa viti bibaki mpaka Jumanne." Na simu ikakatika.

Ukitaka kusema kweli, mbwa aliyefia Kabondo hakuwa amethibitisha lolote kuhusu Ubundu. Françoise alilijua hilo, alikuwa mtu wa kujua mambo. Lakini aliirudisha simu mkobani, akaufunga, na hakulisema, wala siku hiyo wala baadaye. Médard akauachia mpini wa mkokoteni. Alienda kuchukua mbwa wake.

Alimbeba mwenyewe, amemfunga ndani ya turubai, akaingia shimoni mpaka magotini na kumlaza kwa ubavu wa kushoto, alivyozoea kulala. Alikuwa anatazamia kulia tena, na machozi hayakuja. Yalikuwa yamekwisha huko Tshopo, yakamwachia utulivu tu, na mikono iliyojua la kufanya. Fortunée akampa jembe. Lucie akaangusha udongo kwa viganja viwili, halafu viwili vingine, kisha akajipangusa kwenye gauni. Kazi ilikwisha upesi, kaburi la mbwa si kubwa.

Françoise alikuwa na matanga ya kuongoza upande wa pili wa mji. Kila mtu alitazamia aage. Lakini alikuwa bado amesimama palepale, mkoba mkononi, na ilikuwa wazi kwamba kuna kitu hakijamridhisha.

"Hamuwezi kuacha vile," akasema. "Munafukia na munaenda? Mutu moja aseme ginsi alikuwa." Akamtazama Lucie. "Sema wewe."

Lucie akatazama udongo. Alifikiri.

"Wakati minatoka masomo," akasema, "alikuwa ananingojea kwa barabara. Hata kama mvua inanyesha. Alikuwa analowana yote, na hakuwa anaenda nyumbani bila mi."

"Eh," akasema Françoise. "Ni vizuri."

Alitaka kuongeza neno. Akarudi nyuma hatua moja, akapapasa kwa mkono, akakikuta kile kiti kilichovunjika ambacho Médard alikuwa amekishusha, akaketi.

"Théo alikuwa ananingojea vile," akasema. "Mi nilikuwa mudogo ginsi ya huyu. Masomo ilikuwa mbali. Alikuwa anasimama kwa barabara na jani ya ndizi kwa kichwa, jani moja tu, na tukikutana ananipa mi."

Akauweka mkoba chini. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga kando. Kisha yule mwanamke ambaye kwa siku tatu hakuwa na nafasi alijiinamia magotini na kumlia kaka yake, mbele ya watu ambao asubuhi ile hakuwajua, kwa sauti iliyowatoa majirani milangoni. Médard na Fortunée hawakumwambia anyamaze. Lucie alimsogelea, akasimama karibu na bega lake bila kumgusa, na baada ya muda mkono wa Françoise ukamtafuta ukampata.

Ndani ya mkoba simu ililia tena, ikalia mpaka ikachoka. Fortunée akaokota jembe, akalisimamisha ukutani, akaingia ndani kuongeza maji kwenye sufuria ya chai, maana mgeni hakuonekana mtu wa kuondoka sasa hivi.